Msiing'oe ile jiko ya kuni

Kila nikisema nilikaa Brazili siku tisa na sikukanyaga ule ufuo wa Copacabana, watu wananiangalia kama nimetupa nauli. Sikutupa kitu. Tulipanga nyumba huko mashambani, milima ya Mantiqueira upande wa Minas Gerais, nyumba ya kawaida kabisa, vigae juu, sakafu ya simiti nyekundu imesuguliwa mpaka inang'aa, TV hakuna, intaneti hakuna, na bafuni ile shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo, ambayo sisi Nairobi tunaijua vizuri, kwani hizi Lorenzetti zetu si zinatoka huko huko Brazili.

Lakini maisha yote yalikuwa jikoni. Jiko limejengwa kwa matofali mpaka usawa wa kiuno, juu bamba la chuma lenye matundu ya sufuria, na nyuma kuna sehemu inabaki na joto, wenyewe wanaiita mkia wa jiko. Julai kule ni baridi, asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu, basi kila mtu anaishia hapo mkiani, watoto, paka, na mimi na kahawa yangu iliyochujwa kwa mfuko wa kitambaa.

Siku ya pili mama mwenye nyumba akaja na kuku na mboga. Mboga ni couve, yaani sukuma wiki yetu, akayakunja majani akayabana kama sigara akaanza kukata, nyembamba kama uzi. Nikamwomba kisu nikamkatia vile mamangu alinifundisha, akaacha kila kitu akamwita binti yake aje aone! Halafu akasonga kitu wanakiita angu, unga wa mahindi na maji, chumvi hakuna, ni laini kuliko ugali lakini jamani ule ni ugali, na kuku kapikwa na bamia. Bamia ilifika kule kutoka Afrika pamoja na watu wetu waliopelekwa utumwani, na Brazili ndo nchi ya mwisho Amerika yote kukomesha utumwa, 1888. Nilikula kimya kidogo.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Natafuta tena nyumba kama ile na kila mahali wageni wanalalamika, mara mtandao, mara jogoo anawika mapema, mara nguo zinanuka moshi, na mwenye nyumba afanye nini, si anang'oa jiko anaweka gesi na sofa. Mbili nilizokuwa nimeziangalia mwaka jana tayari zimebadilishwa hivyo. Kama unataka hoteli, lala hoteli, ziko tele. Ukienda kwa mtu kijijini uliza kuni ziko wapi, salimia jirani, nunua jibini yake, maana utengenezaji wa jibini ya Minas UNESCO wenyewe waliuingiza kwenye orodha ya urithi 2024, na bado kuna mtu anafika pale akiulizia pizza.

Mi nikirudi nambebea yule mama mwiko wa nyumbani, nimsongee ugali mgumu wenyewe, hapo hapo kwa jiko lake.