Mlipieni Mwalimu wa Chekechea na Siku Zake

Mwanangu wa pili alianza chekechea akisema "mai". Siku ya kwanza aliinua kikombe chake cha plastiki akasema, "Nataka mai," na Bi Mwalimu akamtilia, halafu akamwambia taratibu, "Haya, mai haya. Na kitabuni tunayaita maji." Hakumcheka wala hakumkatiza. Kufikia mwisho wa muhula mtoto alikuwa na maneno yote mawili, la nyumbani na la shuleni, na hakuna aliloambiwa alitupe. Mtaala wetu wa Kenya unataka watoto wa PP1 na PP2, madarasa mawili ya chekechea, wafundishwe kwa lugha ya pale wanapoishi. Hapa Amu, yaani Lamu, lugha hiyo mtu hajifunzi semina. Anazaliwa nayo.

Huyo Bi Mwalimu hana diploma na hana namba ya TSC, tume inayosajili walimu. Ana cheti kidogo cha mafunzo ya likizo na miaka kumi na minne darasani, na kwenye karatasi ameandikwa msaidizi. Nimesimama mlangoni kwake asubuhi nyingi nikimtazama. Ana kopo la maziwa lililojaa vizibo vya soda. Humwambia kila mtoto achukue vitano. Mmoja akahesabu kwa sauti, moja mpaka tano, mbio mbio, nami nikafurahi kwamba anajua. Bi Mwalimu akamshika mkono, akamfungua vidole. Vilikuwamo vitatu. "Vihesabu tena, baba. Kiguse kimoja, useme moja." Mimi nilisikia mtoto anayejua kuhesabu. Yeye aliona mtoto anayejua wimbo wa namba lakini hajajua namba. Hiyo ndiyo taaluma yenyewe, na anayo.

Sheria lakini haioni vidole. Sheria ya elimu ya watoto wadogo ya mwaka 2021 inataka mwalimu wa chekechea awe amesajiliwa na TSC, ingawa mwajiri wake ni kaunti. Sipingi. Mtoto wa miaka minne anastahili mwalimu aliyesomea kazi kama anavyostahili wa kidato cha nne, na mwalimu akishasajiliwa anapata pa kusimama anapodai mshahara wa haki. Ninachopinga ni kumwambia Bi Mwalimu "kasome" kisha kumwachia hesabu yote yeye peke yake.

Watu wengi nikizungumza nao husema basi alipiwe karo. Karo ni sehemu tu. Nilimuuliza mwenyewe kwa nini hajaenda, nikitarajia aseme pesa. Alisema, "Na hawa wana nitamwachia nani?" Ana watoto thelathini na kitu asubuhi, ana wanawe wanne nyumbani, na ana mama mzee. Siku akikosa, darasa halifunguliwi. Akienda mazoezi ya kufundisha shule nyingine kwa wiki kadhaa, ujira wake unasimama. Kwa mwanamke anayelisha nyumba kwa kipato kile, wiki bila ujira ni nzito kuliko karo ya muhula.

Zamani jambo hili lilieleweka. Vituo vya DICECE, vya elimu ya watoto wadogo wilayani, vilipoanza mwaka 1985, mwalimu wa nasari alisoma miaka miwili kwa vipindi vya likizo, Aprili, Agosti na Desemba, na muhula ukifunguliwa yuko darasani kwake. Bi Mwalimu na wenzake wengi wa visiwani walipata cheti kwa njia hiyo. Hata hiyo ilikuwa na taabu zake. Agosti ni kusi. Anayetoka visiwa vya mbali, Kizingitini au Kiwayu, hapangi safari kwa saa ya ukutani, anapanga kwa maji kujaa, maana Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, ukikauka mashua inangoja au inazunguka baharini kwenye mawimbi. Sijawahi kuona fomu ya ufadhili yenye nafasi ya kuandika nauli ya mashua, seuze siku mbili za kungoja maji.

Kuna mfano wa mbali ninaoupenda. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, mwaka 1990 walianzisha mpango wa ufadhili uitwao T.E.A.C.H. kwa wafanyakazi wa vituo vya watoto wadogo. Mpango unabeba sehemu kubwa ya karo na vitabu, unasaidia nauli, na unamrudishia mwajiri gharama ya saa anazomwachia mwalimu akasome huku akilipwa. Mwalimu anachangia kidogo, mwajiri anachangia kidogo. Akimaliza masomo ya mkataba wake anapata nyongeza au kitita, naye ameahidi kubaki kazini kwa muda uliopangwa. Mtu aliketi akajiuliza mwanamke huyu anazuiwa na nini hasa, kisha akalipia hicho.

Na hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mombasa, miaka ya 1980, mpango wa chekechea za madrasa chini ya Wakfu wa Aga Khan ulianza kwa kuwachukua wanawake wa mitaa yenyewe, wengine wakiwa na masomo machache, ukawafundisha na kisha ukawafuata madarasani mwao kuwaongoza. Bi Swafiya Said alikuwa nguzo ya kazi ile. Ukavuka ukaenda Zanzibar na Uganda. Pwani hii ilishajua kwamba mwalimu anaweza kuinuliwa pale pale alipo.

Sasa fedha. Mkopo usitajwe. Huwezi kumkopesha anayelipwa kidogo namna ile ili aje akulipe kutokana na kidogo kile kile. Nataka ruzuku ya kaunti. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizizuia kaunti kutoa basari za karo mpaka ziwe na makubaliano na serikali kuu, kwa hoja kwamba sekondari na vyuo vikuu si kazi yao. Wazazi wengi waliumia, na najua uchungu wake. Lakini chekechea ni kazi ya kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba, limeandikwa wazi. Shilingi ya kumwinua mwalimu wa chekechea haina wa kuizuia kwa hoja hiyo.

Nataka fungu lenye jina lake: karo, nauli ya bahari, na ujira wa mwalimu wa kushikilia darasa kwa siku zote ambazo mwenyewe yuko masomoni. Waanze kupewa waliokwisha kufundisha miaka mingi, kabla ya kijana aliyemaliza shule juzi. Na akimaliza, cheo na mshahara vipandishwe mwezi huo huo, si baada ya kuandika barua saba.

Vikao vya maoni ya bajeti vitakapoitwa nitakwenda kuyasema haya. Nimemwomba Bi Mwalimu tufuatane, ayaseme kwa kinywa chake. Amekubali, tukimpatia wa kumshikia watoto asubuhi hiyo. Bado natafuta.