Double ka meetha sio kitu cha dakika kumi

Jamani hili la double ka meetha, ile tamutamu ya Hyderabad kule India ya mkate wa kukaanga, shira na maziwa, limenikaa rohoni muda sasa, leo ngoja niliseme. Kila Ramadhani ikikaribia video zinaanza kuzunguka, mtu anachukua slesi za mkate anazitosti, anamwagia maziwa ya kopo yale mazito matamu, ananyunyiza lozi mbili tatu halafu anaandika double ka meetha tayari kwa dakika kumi. Hapana. Huo ni mkate na maziwa ya kopo, utakuwa mtamu sikatai, ila sio double ka meetha, na mimi niliyekaa Hyderabad miaka mitatu nasoma inaniuma kweli.

Jina lenyewe ni la kawaida tu. Kule India mkate wa boflo wanauita double roti, na wengi watakwambia ni kwa sababu unaumuka unakuwa kama mara mbili, sio kama roti ya kila siku inayobaki bapa. Meetha ni tamutamu. Lakini nenda harusi ya Waislamu pale Hyderabad uone, biriani ikishaliwa watu hawanyanyuki, wanasubiri hiki pamoja na qubani ka meetha, ile ya aprikoti zilizokaushwa.

Mimi nilifundishwa na mama mwenye nyumba tuliyopanga, tukimuita Aunty kama kule wanavyowaita wamama wote. Siku moja kabla ya Iddi akaniita jikoni. Mkate alikuwa ameununua jana yake makusudi kabisa ulale, kwa sababu mkate laini unakunywa samli kama sponji na ukigusa shira unavurugika, ila uliolala unakaangika vizuri unakuwa wa kahawia mkavu, yeye alikuwa anachukua kipande anakigonga na kijiko, kikilia ko ko ndio anakitoa. Samli, sio mafuta ya kupikia. Shira nayo anaiita sheera, na karai analiita karahi, aisee nilijisikia nipo jikoni kwetu.

Sasa maziwa, hapa ndio penyewe. Lita mbili kwenye karai pana, moto mdogo, na mtu haondoki. Juu kunajitengeneza utando, wanauita malai, ukishatanda Aunty anausogeza taratibu kwa mwiko mpaka unagandia ubavuni mwa karai, anasubiri utande mwingine, anausogeza tena, hivyo hivyo zaidi ya saa nzima huku maziwa yanapungua mpaka inabaki kama theluthi. Mwisho anakwangua ile malai yote ya pembeni anairudisha ndani, na sukari kidogo na hiliki, na zafarani aliyoiloweka kwenye maziwa vuguvugu. Hiyo ndio rabri, na ukiila unakutana na vile vipande vya malai mdomoni kimoja kimoja. Sasa niambie kopo gani litakupa hicho kitu? Halafu kopo limeshajaa sukari, ukijumlisha na shira, kijiko cha pili tu ulimi umechoka.

Kitu kingine watu wanachanganya na shahi tukda ya Lucknow na Delhi. Ni ndugu, sawa, lakini shahi tukda kipande kinabaki kizima kimelowa shira na rabri inakaa juu yake, wakati ya Hyderabad mkate unapikwa pamoja na shira na maziwa mpaka unalegea unashikana, unachota kwa kijiko. Ukiniuliza mimi nachagua ya Hyderabad bila kufikiria, maana utamu umeingia mpaka katikati.

Na wale wanaosema ah si mkate uliolala tu huo, mbona mnaukuza, mimi naona hapo hapo ndio heshima yake ilipo. Mkate ni wa bei ndogo lakini mtu amekaa na maziwa saa nzima na nusu kwa ajili ya wageni wake. Ukiitoa hiyo saa unabaki na nini sasa? Kama siku hiyo huna muda pika kaimati, hakuna atakayekulaumu, double ka meetha ipangie siku nyingine.

Wengine wanaipenda ya moto moto. Mimi nasubiri asubuhi ya pili, imelala kwenye trei, korosho za juu bado ngumu kidogo, nachota ile ya pembeni kabisa iliyogandia na kuwa kama tofi.