Nani hasa anaongoza chama cha wasomi wa fasihi simulizi?

American Folklore Society ni chama cha wasomi wa ngano, nyimbo, mila na kazi za mikono nchini Marekani. Kilianzishwa mwaka 1888 mjini Cambridge, Massachusetts, na rais wake wa kwanza alikuwa Francis James Child, profesa wa Harvard aliyekusanya nyimbo za kale za masimulizi za Uingereza na Uskoti. Siku hizi rais hupatikana kwa kura za wanachama. Hukaa mwaka mmoja akiwa rais mteule, miwili madarakani, kisha mmoja zaidi akiwa rais aliyemaliza muda wake. Wajumbe wa bodi nao hupigiwa kura. Swali langu ni kama kura hiyo inawapa wanachama usemi juu ya taaluma yao, au inawapa tu nafasi ya kumtunuku mwenzao heshima.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Katika fani ndogo, profesa mmoja anaweza kuwa ndiye aliyekufundisha, aliyesimamia tasnifu yako, anayekuandikia barua ya kuombea kazi na anayeamua kama makala yako itachapishwa. Pasipo kura, chama kingerithishwa kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi wake. Mtazame Richard Dorson wa Chuo Kikuu cha Indiana, aliyekuwa mhariri wa jarida la chama kuanzia mwaka 1959, na baadaye rais katika miaka ya 1960. Alipigana kwa ukali na vitabu vilivyouza hadithi za kubuni kana kwamba ni za mapokeo, na katika hilo alikuwa na haki. Lakini hakupenda pia kuona wasomi wa fani hii wakiacha utafiti na kujitosa katika shughuli za kijamii, na neno lake lilikuwa na uzito mkubwa. Miaka ikapita, wapiga kura wakabadilika. Mwaka 2006 na 2007 rais alikuwa Bill Ivey, mtu aliyejijengea jina nje ya darasa la chuo kikuu: aliongoza taasisi ya muziki wa kantri kule Nashville, kisha shirika la serikali kuu linalofadhili sanaa. Dorson asingemteua mtu wa aina hiyo, lakini wanachama walimchagua.

Kura imefungua na milango mingine. Norma Cantú, aliyeandika juu ya maisha ya Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wa mpakani mwa Texas na Meksiko alikokulia, alikuwa rais 2020 na 2021. Akafuatiwa na Marilyn White, Mmarekani Mweusi. Kwa chama ambacho tangu mwanzo kilitaja hadithi za watu Weusi wa Kusini miongoni mwa mambo ya kukusanywa, hilo si dogo.

Upande wa pili ndio unaonisumbua zaidi. Ukisoma historia ya chama hiki utaona kwamba mambo makubwa mara nyingi hayakufanywa na rais. William Wells Newell alihariri jarida tangu 1888 hadi 1900. Mwanaanthropolojia Franz Boas alilishika kuanzia 1908 hadi 1924, na Ruth Benedict tangu 1925 hadi 1939. Katika miaka hiyo marais walikuja na kuondoka, huku mhariri akiendelea kuamua nini kinastahili kuitwa utafiti.

Zora Neale Hurston, mwandishi Mweusi, alipokwenda kwao Florida kukusanya hadithi mwaka 1927, alikuwa na dola 1,400. Nusu ilitoka kwa chama hiki, nusu nyingine kwa jumuiya ya historia ya Weusi iliyoongozwa na Carter Woodson. Fedha hizo zilipatikana kwa juhudi za Boas, ingawa hakuwa tena mhariri, na kwa mkono wa Elsie Clews Parsons, mwanamke tajiri aliyeifadhili sana fani hii. Mwaka 1931 jarida likachapisha makala ya Hurston juu ya uganga wa Weusi wa Kusini, karibu kurasa mia moja. Hakuna kura iliyopigwa ili hayo yatokee. Vivyo hivyo sheria ya mwaka 1976, iliyoanzisha kituo cha utamaduni wa jadi ndani ya Maktaba ya Bunge la Marekani: aliyehangaika miaka na miaka kuwashawishi wabunge ni Archie Green, fundi seremala wa meli aliyegeuka msomi, na hakuwa rais wa chama.

Kwa hiyo wapo wanaoona afadhali mtu mmoja mwenye ujuzi akae muda mrefu kuliko marais wa miaka miwili miwili ambao wakianza kuielewa kazi wanaaga. Sikubaliani nao moja kwa moja. Uthabiti wa Boas ulimfaa Hurston kwa sababu Boas alikuwa Boas. Angekuwa mtu mwenye chuki, wanachama wangemwondoa vipi?

Ningeibakiza kura, ila ningeipeleka palipo na nguvu. Wasomaji walio katika vyama vya Kiswahili kama CHAKITA au CHAUKIDU wanajua jinsi uchaguzi wa mwenyekiti unavyochangamsha mkutano mkuu, na jinsi watu wachache wanavyobaki ukumbini inapofika zamu ya kujadili jarida. Kila anayegombea urais atamke mapema nani atamtaka awe mhariri na fedha za utafiti zitakwenda kwa nani, na mhariri awe na ukomo wa muda unaojulikana.

Kisha kuna wenye hadithi wenyewe. Bibi aliyesimulia na fundi aliyerekodiwa akisuka kapu si wanachama, hawalipi ada, hawapigi kura, ilhali fani nzima imesimama juu ya walichotoa. Chama kinaweza kuwatengea viti kwenye bodi bila kuwadai ada, na viti hivyo viwe na kura kamili, hasa pale bodi inapojadili kanda za sauti zihifadhiwe wapi na nani aruhusiwe kuzisikiliza.