Soriasisi, ukoo na swali la shangazi

Katika familia nyingi za Moshi na vijiji vyake, posa haipokelewi kabla shangazi na wajomba hawajaulizia kimyakimya ukoo wa upande wa pili una nini. Huulizia kifafa, huulizia ugonjwa wa akili, na siku hizi wapo wanaoulizia selimundu. Ngozi nayo huangaliwa. Kwa sababu hiyo, sentensi fupi inayotamkwa katika chumba cha daktari, kwamba soriasisi ni ugonjwa wa ngozi unaorithiwa, inaweza kufika mbali kuliko alivyokusudia aliyeitamka. Ninataka kupima kama sentensi hiyo inawasaidia wagonjwa wetu au inawafunga, na jambo hili linanigusa, kwa kuwa nimeona watu wazima wakivaa mikono mirefu katika joto la Februari ili kuficha mabaka ya viwiko ambayo hayamwambukizi mtu yeyote.

Katika soriasisi, kinga ya mwili huichokoza ngozi ya mwenye mwili, hata seli ambazo kwa kawaida huchukua takriban mwezi mmoja kukomaa na kubanduka hukamilisha safari hiyo kwa siku chache na kurundikana kuwa magamba. Maelezo ya kawaida husema mabaka yake ni mekundu, lakini hayo yametokana na ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu huonekana ya zambarau, ya kahawia iliyokolea au ya kijivu, na ndiyo maana wengi huambiwa wana fangasi, huuziwa krimu za mchanganyiko dukani, na kurudi kununua nyingine zile za kwanza zinaposhindwa. Moshi ina bahati katika hili, kwani kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwapo katika hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992, na kimefundisha wataalamu wanaohudumu katika nchi nyingi za Afrika. Mgonjwa akishapata jina sahihi la ugonjwa, swali linalofuata midomoni mwa jamaa ni umetoka wapi.

Wanaotaka urithi usemwe waziwazi wana hoja yenye nguvu. Mtu anayeambiwa kwamba ugonjwa wake una mzizi katika vinasaba anaondolewa mizigo miwili kwa mara moja: tuhuma ya uchawi au laana, na hofu ya kuambukiza. Mama haulizwi tena alikula nini akiwa mjamzito, na mume hana sababu ya kuhama kitanda. Maelezo hayo pia ni ya kweli. Aina moja ya jeni ya HLA-C, inayoandikwa HLA-C*06:02 na iliyoko kwenye kromosomu ya 6, ndiyo yenye uzito kuliko nyingine zote zinazojulikana. Kazi ya jeni hiyo ni kuweka vipande vya protini juu ya seli ili askari wa kinga wavikague. Jeni nyingine, ERAP1, huvikata vipande hivyo viwe na urefu unaofaa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba tofauti za ERAP1 huongeza hatari kwa wale tu waliobeba ile aina ya HLA-C. Leo maeneo ya vinasaba yanayohusishwa na soriasisi yamezidi 100. Mengi yanahusu kinga, na machache yanahusu ukuta wa ngozi yenyewe.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa, kwa sababu neno "kurithi" katika lugha yetu lina uhakika ndani yake. Aliyerithi shamba amelipata. Mtu akisikia kwamba soriasisi hurithiwa, anaelewa kwamba mtoto ataipata kama anavyopata jina la ukoo, na hapo ndipo binti asiye na baka hata moja anaachwa kwa sababu ya viwiko vya baba yake. Dhuluma hiyo inafanywa kwa jina la sayansi ambayo yenyewe haisemi hivyo, na ninaona ni wajibu wa kila anayezungumzia vinasaba hadharani kutaja pia hesabu zake.

Hesabu hizo zinafaa kuangaliwa kwa utulivu. Utafiti wa mapacha nchini Denmark, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba vinasaba vinaeleza asilimia 68 ya tofauti ya watu katika kuugua soriasisi. Ukiishia hapo, utasema shangazi alikuwa na haki. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba pacha mmoja anapokuwa na ugonjwa, pacha wake wa yai moja, mwenye vinasaba vilevile, huwa nao kwa asilimia 33 tu, wakati kwa mapacha wa mayai mawili ni asilimia 17. Namba hizi hazipingani. Ile 68 inaeleza jamii nzima, yaani kwa nini watu wa kundi fulani wanatofautiana wao kwa wao. Haimtabirii mtu mmoja mustakabali wake. Pacha wawili kati ya watatu wanaobaki salama, huku wakiwa na vinasaba vilevile vya ndugu zao wagonjwa, wanatuonyesha kwamba kuna kitu kingine kinachohitajika ili ugonjwa uamke. Kwa wazazi, makadirio yanayonukuliwa sana ni kwamba mzazi mmoja akiwa na soriasisi, hatari ya mtoto ni karibu asilimia 14, na wote wawili wakiwa nayo hufikia karibu asilimia 41. Wengi waliobeba HLA-C*06:02 hawaugui maisha yao yote.

Kitu hicho kingine tunakifahamu kwa sehemu kubwa: maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoka, pombe nyingi, sigara, unene, msongo wa mawazo, baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za malaria, na hata jeraha la ngozi. VVU navyo huweza kuichochea soriasisi iwe kali sana. Hapa kuna jambo ambalo kila anayeuita ukoo fulani kuwa wenye doa angepaswa kulisikia: utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba aina za jeni zinazowasaidia watu kudhibiti VVU mwilini hupatikana zaidi kwa wagonjwa wa soriasisi kuliko kwa watu wengine. Kinga iliyo kali mno kwa ngozi huenda ndiyo iliyowalinda mababu dhidi ya maradhi mengine.

Ipo pia hoja ya tatu, ambayo haimpingi wala kumuunga mkono shangazi. Sehemu kubwa sana ya utafiti wa vinasaba vya soriasisi imefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya na China, kwa hiyo namba nilizotaja haziwezi kuhamishiwa Kilimanjaro kama zilivyo. Imeshaonekana kwamba soriasisi ni ya kawaida zaidi Afrika Mashariki kuliko Afrika Magharibi, tofauti inayotosha kutuonya tusilichukulie bara zima kama ukoo mmoja. Wapo wanaosema kwamba nchi yenye upungufu wa dawa za msingi haina haja ya utafiti huo. Naelewa uchungu wao, ila sikubaliani nao. Ufahamu wa jeni zinazohusika na IL-23, protini ambayo seli za kinga huitumia kupashana habari, umetilia nguvu dawa za sindano zinazozuia protini hiyo, ambazo zimebadilisha maisha ya wagonjwa huko zinakopatikana, na damu isiyochunguzwa haiwezi kutoa dawa inayoifaa.

Kwa hukumu yangu, urithi usemwe, na usemwe pamoja na namba zake. Kipimo cha vinasaba hakihitajiki ili mgonjwa wa Moshi au Arusha atambuliwe na kutibiwa. Daktari wa ngozi huutambua ugonjwa kwa macho na historia, akiongeza uchunguzi wa kipande cha ngozi pale tu anapokuwa na shaka. Fedha za familia ziende kwenye matibabu, na kwenye kuchunguza viungo mgonjwa anapolalamika maumivu, kwani soriasisi huweza kushambulia viungo pia na kuviharibu pasipo marejeo.

Shangazi akija kuuliza kuhusu ukoo ambao baba pekee ana ugonjwa huu, aambiwe kwamba kwa makadirio hayo watoto wapatao 86 kati ya 100 wa wazazi wa namna hiyo hawatauugua. Aambiwe pia kwamba mtoto wa ukoo huo akiugua mafindofindo, na wiki mbili au tatu baadaye akatokwa na vipele vidogo kama matone ya maji kifuani na mgongoni, apelekwe kliniki ya ngozi kabla hajapakwa krimu yoyote ya dukani.