Mchambuzi wa Kamera Hasemi Uongo, Ila Hajibu Swali Lako

Lawama imezoeleka: wachambuzi wa kamera wa YouTube ni madalali tu. Kampuni zinawaazima kamera kabla haijaingia sokoni, na chini ya video wanaweka viungo vinavyowapa kamisheni kila mtu akinunua. Halafu mpiga picha wa ridhaa, mwenye mshahara wake wa kawaida, anauza kamera isiyo na tatizo lolote ili apate toleo lililoongezewa vitu viwili vitatu.

Ukweli upo ndani yake, lakini naona lawama hiyo imebisha mlango usio wake.

Chukua DPReview, tovuti ya kupima kamera iliyoanzishwa na Phil Askey mwaka 1998. Mwaka 2007 ilinunuliwa na Amazon, yaani muuza kamera akawa ndiye mmiliki wa anayezipima. Ungetegemea iharibike hapo hapo. Badala yake iliendelea kupiga mandhari ile ile ya studio kwa kila kamera, kwa mwanga ule ule, na kuweka mafaili ghafi, yaani picha ambazo kamera haijazichakata, ili msomaji alinganishe mwenyewe. Amazon ilipotangaza kuifunga mwaka 2023, wengi walisikitika, mpaka ikapata mmiliki mpya. Hata Canon ilipoitoa kamera ya EOS R5 mwaka 2020 ikijivunia video za 8K, zenye ukali wa juu sana, wachambuzi ndio waliokaa na saa mkononi wakaonyesha inavyopata moto na inavyochukua muda kupoa kabla ya kurekodi tena. Dalali hafanyi hivyo.

Kinachowakwamisha ni muda, na mahali wanapopimia. Mchambuzi anakaa na kamera wiki moja au mbili, tena ikiwa mpya kabisa. Kamera ya Nikon D600 ilisifiwa ilipotoka mwaka 2012. Madoa kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, yakajitokeza ilipoanza kutumika. Miongoni mwa waliolisema tatizo hilo mapema ni LensRentals, kampuni ya Marekani inayokodisha vifaa, kwa kuwa ilikuwa na D600 nyingi zinazoingia na kutoka kwa wateja. Mwaka 2013 Nikon ikatoa tahadhari kuhusu vumbi linaloacha madoa hayo, na baadaye mwaka huo huo ikaleta D610, mrithi wake.

Sisi huku wengi hatununui mpya. Tunachukua mtumba Kariakoo, Dar es Salaam, au mtaa wa Luthuli, Nairobi, au tunamwagiza ndugu aliyeko Dubai. Anayeitaka Canon 5D Mark III leo hahitaji kujua kama ni nzuri, hilo lilishajulikana tangu 2012. Anahitaji kujua imeshapiga picha ngapi, kwa sababu shata yake, pazia linalofunguka na kujifunga kila unapopiga, ilikadiriwa kufika mara 150,000. Anahitaji kumulika lenzi kwa tochi ya simu aone kama ina fangasi, maana ikiwa imekaa Tanga au Mombasa ndani ya begi lililofungwa, unyevu haukuiacha salama. Na anahitaji fundi. Video iliyorekodiwa London haina habari na hayo.

Halafu kuna mwanga wenyewe. Majaribio mengi hufanywa kwa mtu mweupe, karibu na dirisha, siku ya mawingu. Ingia kwenye ukumbi wa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi: taa za zambarau, binti mweusi ndani ya gauni jeupe, na dari lote limefunikwa vitambaa vya rangi ya sherehe. Ukielekeza flashi juu kama unavyofundishwa, rangi ya kitambaa inarudi usoni mwake. Ukipima mwanga kwa gauni, uso unazama gizani. Ukipima kwa uso, gauni linaungua, yaani linabaki weupe mtupu. Kamera ya bei mara nne haikuondolei tatizo hilo. Flashi ya pili iliyosimamishwa pembeni, tena ya kampuni isiyo na jina kubwa, inakusogeza mbali zaidi.

Si kwamba vifaa ghali ni mapambo. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara mbili ya f/4 (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), na fokasi inayofuata jicho imeokoa picha nyingi za watoto wasiotulia. Ila picha ya ukubwa wa A4, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, inakula megapikseli 8.7 tu, na hiyo 5D Mark III ina 22. Wapo pia wanaoipenda kamera yenyewe kama wengine wanavyopenda pikipiki. Hao sina neno nao, mradi wasituambie wanatafuta picha bora.

Ambaye uchambuzi unamfaa hasa ni yule aliyekwisha kugonga ukuta: anapiga ndege Ziwa Nakuru na lenzi ya milimita 300 haifiki, au anapiga mpira usiku kwenye uwanja wenye taa hafifu. Huyo anajua kinachompungukia, kwa hiyo anaweza kuruka dakika kumi za sifa na kwenda moja kwa moja kwenye jaribio la fokasi. Akisubiri miezi sita baada ya kamera kutoka, atakuta na malalamiko ya walioinunua kwa fedha zao.