Kozi ya Zanzibar na Marekani, eti si ya kimataifa

Jamani mnaofundisha vyuo vya huku Marekani mtanielewa. Kozi ikikosa ule muhuri wa masomo ya kimataifa, yani kamati ya chuo kukubali kwamba inahesabika kwenye krediti za kimataifa, haijai darasa, maana mwanafunzi wa uinjinia hana shida na historia ya Unguja, shida yake ni krediti. Penn State kwa mfano anayesoma digrii ya kwanza lazima apate krediti 3 za tamaduni za Marekani na 3 za tamaduni za kimataifa, na vyuo kibao vina kitu kama hicho ila majina tofauti.

Sasa kozi yangu mimi ni biashara ya Zanzibar na Marekani karne ya 19. Nikajaza fomu, nikaambatanisha silabasi, nikapeleka kwa kamati, ikarudi. Sababu? Sehemu kubwa inahusu Marekani. Yani Salem, Massachusetts ndo imeniponza.

Hebu angalieni. Mkataba na Seyyid Said ni wa 1833, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kafika Unguja 1837, naye mfanyabiashara wa hukohuko Salem, afu 1840 meli ya Seyyid Said iitwayo Sultana ikatia nanga New York na pembe za ndovu, karafuu na tende, pamoja na farasi wa zawadi kwa rais Van Buren. Huku inakuja sandarusi ya kutengenezea vanishi, kule inakwenda merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa viwanda vya Massachusetts. Wiki ya pembe ndo naipenda zaidi: inatoka Tabora mabegani mwa wapagazi mpaka Bagamoyo, inavuka Unguja, inaishia Connecticut kwenye vijiji vya Deep River na Ivoryton, inachanwa vipande vyembamba vya kubandika kwenye piano pale vidole vinapogusa. Hiyo nayo si kimataifa?

Ninavyoona mimi, kwa kamati hizi kimataifa ni "kwa watu wengine huko mbali". Na si ajabu, serikali yao ilianza kumwaga hela kwenye masomo ya maeneo ya dunia kwa sheria ya 1958, baada ya Warusi kurusha setilaiti yao ya Sputnik, shabaha ikiwa kuwajua wale wa nje. Kwa hiyo ukileta kozi nzima ya Ufaransa, nchi moja tu, hakuna anayekuuliza, ila ukileta watu na mali vinavyoenda na kurudi wanaanza kukuhesabia wiki ngapi umevuka mpaka.

Mkenya mmoja tunayefundisha naye akanambia, "Mwalimu, hao hawasomi silabasi, wanasoma mgawanyo wa alama." Alikuwa sahihi bwana. Sikutoa hata wiki moja ya Salem, nilichofanya ni kuweka insha ya mwisho ya asilimia 30, mwanafunzi achukue barua ya mfanyabiashara wa Salem na maandishi ya upande wa Zanzibar aeleze kila mmoja aliionaje biashara ileile, nikaandika wazi lengo lipi linapimwa wapi. Ikapita. Maelezo marefu ya kwa nini Bahari ya Hindi ni muhimu, ambayo ndo niliyahangaikia usiku na mchana, sidhani kama kuna aliyeyafungua.

Kiswahili cha mwaka wa kwanza bado wanakihesabu lugha tu, muhuri hakipati. Hiyo nitaiandikia siku nyingine, nikianza leo hatulali.