Kopo lisilo na maji si mkorogo

Juzi nilisimama Kariakoo karibu na mama anayeuza mafuta ya ngozi aliyoyatengeneza mwenyewe. Mteja alifungua kopo, akanusa, akalirudisha. "Mkorogo huu, mama." Ndani ya kopo lile kulikuwa na siagi ya shea, mafuta ya nazi na nta ya nyuki, basi.

Neno hilo linawaonea watengenezaji wengi. Mkorogo tunaujua: zebaki, haidrokwinoni, krimu za steroidi, vyote kwa ajili ya kuchubua. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwenye vipodozi. Nta haichubui mtu.

Wenye shaka wana hoja moja nzito: vya nyumbani havina dawa ya kuhifadhi, kwa hiyo vitaoza. Lakini bakteria na ukungu havizaliani pasipo maji. Kopo la siagi, mafuta na nta pekee halina maji. Likikaa sana litachacha na kutoa harufu, ila halitaota ukungu, mradi usichote kwa vidole vilivyolowa.

Adui mkubwa wa kopo hilo Dar ni joto. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, ndiyo maana hapa ni nadra kuyakuta yameganda. Siagi ya shea inalegea kati ya nyuzi 32 na 37, na mchana wa Februari jiji linafika 32 kivulini. Beba siagi tupu kwenye mkoba, panda daladala ya Mbagala, utashuka na uji. Nta ya nyuki inayeyuka nyuzi 62 hadi 65, na tunayo ya kutosha kutoka Tabora na misitu ya miombo. Jirani yangu wa Tabata huiyeyusha kwanza, bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, kisha hupima kwa mizani: gramu 20 za nta kwa 80 za siagi na mafuta. Hamimini tu kwenye vikopo. Huweka tone kwenye kijiko kilichotoka friji, likiganda analikwangua kwa ukucha. Likiwa laini mno, anaongeza nta. Zamani shea ilimtoka na chembechembe kama semolina kwa sababu ilipoa polepole. Siku hizi vikopo vinaingia friji papo hapo. Mtu wa namna hiyo habahatishi.

Wanaoharibu ni wale wanaokoroga humo maji ya waridi au utomvu wa alovera, halafu wanauza bila kihifadhi. Kwa fukuto letu hiyo haichukui muda kuharibika. Na msemo wa "ni asilia, haina madhara" siukubali: mafuta ya nazi huziba vinyweleo vya uso wenye chunusi, nta huwatoa wengine vipele, ndimu ikikutana na jua huunguza. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri siku nzima.

Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na anayeuza anapaswa kufika huko. Naliunga mkono hilo, maana mnunuzi hawezi kuyaona maji yaliyofichwa kwenye krimu nyeupe. Ila mwenye vikopo ishirini jikoni asipokewe kama mchubuaji.

Yule mama wa Kariakoo alikuwa ameandika kwa kalamu chini ya kila kopo: tarehe, na vile vitu vitatu. Nilichukua mawili.